Mafumbo ya sataranji: Jinsi ya kustahimili pigo alama zinapoporomoka

MTU yeyote anayejifunza sataranji siku hizi hukutana na mafumbo mapema. Fumbo ni ubao ambao kete zake zimepangwa kama zilivyokuwa katikati ya mchezo fulani, pamoja na swali moja: ni hatua zipi zitakazoupa upande mmoja ushindi au faida isiyopingika? Zamani mafumbo hayo yalitafutwa vitabuni na katika kurasa za michezo magazetini. Leo yamo katika simu, na kijana aweza kufumbua kumi kabla ya matatu aliyoabiri kufika mjini.

Hata hivyo, simu haitoi mafumbo pekee. Hutoa alama pia. Ukipata jibu, alama zako hupanda; ukikosa, hushuka papo hapo mbele ya macho yako. Aliyelala na alama 1,500 Jumatatu huweza kujikuta na 1,380 Jumanne usiku, akiwa amekesha, bando la data limekwisha na kichwa kinamuuma. Wengi huachia hapo. Hujiambia kwamba hawana akili ya mchezo huu, na ubao unarudishwa kabatini. Hitimisho hilo halina msingi, na sababu zake zafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa wanaolifikia mara nyingi ni watoto wa shule ambao ndio kwanza wameanza kuupenda mchezo.

Idadi ya wanaoanza si ndogo. Filamu ya Queen of Katwe, iliyotoka mwaka wa 2016 na ambayo Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, iliufanya mchezo huu uzungumzwe katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Kisha mwaka wa 2020 ukaja ugonjwa wa Covid-19, watu wakafungiwa majumbani, na tovuti za sataranji zikafurika wageni kote duniani. Wengi wa wageni hao walianza na mafumbo, kwa sababu fumbo huchukua dakika moja na halihitaji mpinzani.

Jambo lenyewe ni la kale kuliko simu. Jina sataranji limetufikia kutoka kwa Waarabu, walioita mchezo huu shatranj, nao walikuwa wameupokea kutoka Uajemi, ambako ulifika ukitoka India. Huko Baghdad, katika karne ya tisa na ya kumi, mabingwa walitunga mafumbo yaliyoitwa mansubat na kuyakusanya vitabuni. Bingwa mmoja wao, as-Suli, aliyefariki mnamo mwaka wa 946, aliacha fumbo moja akidai kwamba hakuna awezaye kulifumbua isipokuwa yule aliyefundishwa naye. Lilikaa miaka ipatayo elfu moja. Aliyelipatia jibu ni Yuri Averbakh, bingwa mkuu wa Urusi, katika miaka ya 1980. Kwa hiyo anayekwama kwa dakika tano mbele ya fumbo ana wenzake wa karne nyingi.

Sasa turejee kwenye alama. Tovuti kama vile Lichess, iliyoanzishwa mwaka wa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis na ambayo haitozi ada, hulichukulia kila fumbo kana kwamba ni mchezaji. Fumbo lina alama zake. Ukilifumbua, wewe unapanda nalo linashuka. Likikushinda, lenyewe linapanda nawe unashuka. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, ambaye mfumo wake ulikubaliwa na shirikisho la sataranji duniani, FIDE, mwaka wa 1970. Baadaye mtaalamu wa takwimu Mark Glickman aliunda mfumo mwingine wenye kuzingatia pia jinsi mtambo unavyomfahamu mchezaji, nao ndio unaotumiwa na Lichess.

Katika hesabu ya Elo, wachezaji wawili wenye alama sawa wanatarajiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu. Aliyemzidi mwenzake kwa alama 200 anatarajiwa kupata takriban robo tatu ya pointi. Hapa ndipo penye siri ambayo watumiaji wengi hawaijui. Mtambo haukuletei mafumbo ovyo ovyo. Hukutafutia yale yaliyo karibu na kiwango chako. Ukiwa na alama 1,500, utaletewa mafumbo ya takriban 1,500, yaani mafumbo ambayo unatarajiwa kukosa takriban nusu yake. Ukijitahidi ukafika 1,700, hutaachiwa ufurahie yale ya 1,500 uliyokwisha kuyazoea. Utaletewa ya 1,700, na utaanza kukosa tena kama ulivyokuwa ukikosa awali.

Kwa maneno mengine, mtu anayeendelea vizuri hukosa takriban sawa na alivyokosa alipokuwa dhaifu. Hisia ya kushindwa haipungui kadiri ujuzi unavyoongezeka. Mwanafunzi wa hesabu ambaye kila akipita mtihani huhamishiwa darasa la juu siku iyo hiyo angelalamika kwamba haendelei, hali amevuka madarasa manne.

Kuna na suala la mikosi. Mtu akikosa mafumbo matano mfululizo huona kwamba kuna kitu kimeharibika: amechoka, amesahau, au programu inamwonea. Tuchukue kwamba nafasi ya kupata na ya kukosa ni sawa, kama sarafu inayorushwa hewani. Katika mafumbo 100, uwezekano wa kukosa matano mfululizo angalau mara moja unazidi asilimia 80. Yaani afanyaye mafumbo 100 kwa juma asishangae kukutana na mkosi huo karibu kila juma. Cha kushangaza ni kuukosa. Isitoshe, mgeni katika tovuti hupoteza alama nyingi zaidi kwa kosa moja, kwa sababu mtambo haujamfahamu na bado unamtafutia mahali pake. Aliyefungua akaunti juzi akashuka alama 80 hajapoteza chochote, kwa kuwa alama alizoanza nazo hakuzichuma.

Basi fumbo hufundisha nini, ikiwa si kupanda alama? Mholanzi Adriaan de Groot, mwanasaikolojia aliyekuwa pia mchezaji hodari, alilichunguza swali hili katika tasnifu yake ya mwaka wa 1946. Watu wengi walidhani mabingwa hushinda kwa kuona hatua nyingi zaidi mbele. De Groot aligundua kwamba tofauti kati ya bingwa na mchezaji wa kawaida katika jambo hilo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Tofauti kubwa ilijitokeza alipowaonyesha ubao kwa sekunde chache kisha akauficha: mabingwa waliweza kuupanga upya karibu wote.

Mnamo mwaka wa 1973, watafiti William Chase na Herbert Simon wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliongeza jambo lililotia nuru zaidi. Kete zilipotawanywa ubaoni bila mpango wowote, ubora wa bingwa ulitoweka karibu kabisa. Alikumbuka kama watu wengine. Hivyo basi bingwa hana kumbukumbu ya ajabu. Alicho nacho ni ghala la maumbo aliyoyaona mara nyingi: mfalme aliyejificha nyuma ya vitunda vitatu, farasi anayetishia kete mbili kwa pamoja, ngome iliyofungwa isiweze kuondoka kwa sababu nyuma yake yuko mfalme. Mafumbo hulijaza ghala hilo. Na ghala hujazwa pia na yale uliyoyakosa, mradi uyatazame.

Mfano utalifafanua jambo hili. Aliye na ubao na aupange hivi, akikumbuka kwamba herufi huanza kushoto kwa Mweupe na namba huanza upande wake. Mweupe: mfalme g1, malkia f1, farasi g5, vitunda f2, g2 na h2. Mweusi: mfalme g8, malkia b2, ngome a8, vitunda g7 na h7. Ni zamu ya Mweupe.

Mweupe anaanza kwa kumpeleka malkia c4, akimtishia mfalme. Mfalme akikimbilia f8, malkia anaingia f7 akilindwa na farasi na mchezo umekwisha. Kwa hiyo anakwenda h8. Farasi anaruka f7 akitishia. Mfalme anarudi g8. Farasi anaruka tena hadi h6, na sasa mfalme anatishiwa na wawili kwa mpigo, farasi na malkia aliyefunguliwa njia. Akienda f8 atapigwa palepale f7, basi anarudi h8. Ndipo linapokuja jambo linalomstaajabisha kila anayeliona kwa mara ya kwanza: malkia anajitupa g8, karibu kabisa na mfalme. Mfalme hawezi kumteka kwa kuwa farasi wa h6 anamlinda. Ngome inalazimika kumteka, na kwa kufanya hivyo inamzibia mfalme wake mlango wa mwisho. Farasi anarudi f7. Mfalme amesongwa na watu wake mwenyewe.

Umbo hili lilichapishwa katika kitabu cha Mhispania Lucena huko Salamanca mwaka wa 1497, na hadi leo hutokea katika michezo ya kweli. Lakini tazama jinsi watu wanavyolikosa. Kosa la kawaida ni la haraka. Mchezaji amewahi kusikia kuwa malkia hutolewa kafara g8, basi mara tu mfalme anapoingia h8 kwa mara ya kwanza anamtupa huko. Programu inaonyesha alama nyekundu. Mfalme amemteka malkia kwa raha zake, kwa sababu farasi angali g5 na kutoka hapo hailindi g8.

Aliyekosa hivyo hakukosa wazo, wazo analo. Alichokosa ni mpangilio, yaani ulazima wa farasi kwenda h6 kwanza. Mwenzake aliyekosa kwa kuwa hakuwahi kufikiria kumtoa malkia ana upungufu mwingine kabisa. Wa tatu aliona yote lakini akadhani mfalme angetoroka kupitia f8, akaacha njia iliyo sahihi. Simu huwapa wote watatu alama nyekundu ile ile na kuwapunguzia alama sawa. Haiwezi kuwaambia ni kipi kati ya vitu vitatu kilichowakwamisha, na wao wakilibonyeza fumbo linalofuata kwa hasira hawatakijua kamwe.

Ndiyo maana nasema pigo halisi haliko katika alama zilizoshuka. Liko katika dakika chache zinazofuata.

Mwaka wa 2001, watafiti Brady Butterfield na Janet Metcalfe walichapisha matokeo yanayowahusu sana wafumbuaji wa mafumbo, ingawa hawakuchunguza sataranji bali maswali ya maarifa ya jumla. Walibaini kuwa kosa ambalo mtu alilifanya akiwa na hakika kubwa ndilo linaloelekea zaidi kusahihishwa baadaye, pindi anapoonyeshwa jibu sahihi. Mshangao huamsha fahamu, na kilichosomwa wakati huo hunata. Fumbo ulilolijibu kwa kujiamini ukakosea, lile linalouma kuliko yote, ni hazina. Sharti lake ni moja, kwamba jibu litazamwe hadi lieleweke.

Kinyume chake hufanywa na wengi. Baada ya kukosa, kidole huharakisha kutafuta fumbo jingine ili alama zirudi. Tabia hii yafahamika vyema hapa Kenya tangu michezo ya kamari ya simu ilipoenea: aliyepoteza mia anaweka mia mbili ili kuirudisha, kisha mia nne. Katika sataranji hakuna fedha zinazopotea, lakini akili hufanya vile vile. Mchezaji anaanza kubahatisha. Anatazama hatua ya kwanza inayong'aa, anaibonyeza, anasubiri kuona rangi. Akipata, hajui kwa nini amepata. Akikosa, anazidi kukasirika. Saa moja ya namna hiyo haina manufaa, na pengine ina hasara, maana inamzoesha mtu kucheza bila kutafakari jibu la mpinzani, tabia atakayokwenda nayo mashindanoni.

Dawa yake ni mpaka uliowekwa kabla ya kuanza. Wapo wanaojiwekea muda, dakika 20 au 30, kisha wanaifunga simu wawe wamepanda au wameshuka. Wengine husimama wanapokosa mawili mfululizo, wanaliacha fumbo la tatu na kurejea kwenye yale mawili. Mimi naupendelea utaratibu wa pili, kwa sababu unamkatiza mtu palepale hasira inapoanza, ilhali saa haijui kama umekasirika. Aidha, ikiwa hasira inatokana na kuiona namba, namba hiyo huweza kuepukwa: tovuti kadhaa huruhusu mtu kuificha au kufanya mafumbo yasiyohesabiwa. Lichess huruhusu pia kuchagua mafumbo mepesi kuliko kiwango chako. Hakuna aibu katika hilo. Mwanamuziki hupiga ngazi za sauti kila asubuhi ingawa alizifahamu utotoni.

Daftari la kawaida la shule, lile la kurasa 80, lina kazi kubwa kuliko programu yoyote. Humo mchezaji huandika mahali zilipokuwa kete za fumbo lililomshinda na, kwa sentensi moja, sababu ya kushindwa. Sentensi hiyo isiwe "nilikuwa mjinga". Iwe jambo linaloweza kushughulikiwa: "sikutazama kwamba askofu wake analinda e6", au "niliona uma wa farasi nikasahau kuwa hatua yake inayofuata ni tishio kwa mfalme wangu". Baada ya majuma matatu mwenye daftari atagundua kwamba makosa yake si mia moja, ni manne au matano yanayojirudia kwa sura mbalimbali. Mmoja atakuta haoni kabisa hatua za kurudi nyuma. Mwingine atakuta kila mara anausahau upande wa malkia.

Mafumbo yaliyoandikwa hurudiwa. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha tangu mwaka wa 1885 kwamba tunayojifunza husahaulika upesi katika siku za mwanzo, na kwamba kuyarudia baada ya vipindi kunapunguza usahaulifu huo. Waswidi Axel Smith na Hans Tikkanen walieneza njia iliyojengwa juu ya marudio katika kitabu chao cha mwaka wa 2018: seti moja ya mafumbo hufumbuliwa tena na tena, kila mzunguko ukichukua muda mfupi kuliko uliotangulia. Tikkanen mwenyewe alikuwa ametumia njia hiyo kabla ya kupata masharti yote matatu ya kuwa bingwa mkuu katika muda wa majuma saba. Kabla yao, Mmarekani Michael de la Maza alisimulia jinsi alivyorudia mafumbo 1,000 mara saba na kupanda kutoka alama zipatazo 1,300 hadi zaidi ya 2,000 kwa miaka miwili. Ratiba yake ni ya kikatili na simshauri mtu mwenye kazi na watoto aifuate. Lakini fumbo 50 zilizokushinda, zikirudiwa mara nne, zamwezekana yeyote.

Marudio yana faida nyingine isiyotajwa sana. Fumbo lililokushinda Machi ukalifumbua Aprili kwa sekunde kumi ni ushahidi wa maendeleo ambao alama haziwezi kukupa, kwa sababu fumbo halikubadilika. Aliyebadilika ni wewe. Wale wanaolalamika kwamba wamekwama katika 1,600 kwa nusu mwaka wangefaa kuyarudia mafumbo yao ya zamani kabla ya kukata tamaa.

Walimu na wazazi wana nafasi yao pia. Katika vilabu vya shule si ajabu kusikia watoto wakiulizana alama kama wanavyoulizana nambari ya kiatu, na mwenye namba ndogo akichekwa. Mtoto anayeogopa kuchekwa ataanza kuchagua mafumbo mepesi tu, au ataiacha kompyuta imfumbulie, na alama zake zitapendeza huku uchezaji wake ukidumaa. Mwalimu akiuliza, "Leo lipi limekushinda, hebu tulione," na kulipanga ubaoni mbele ya wote, mambo hubadilika. Kete za plastiki na ubao wa turubai havina rangi nyekundu wala kijani. Kikundi cha watoto kinaweza kubishana juu ya fumbo moja kwa robo saa, kikijaribu njia na kuzirudisha, jambo ambalo simu hailiruhusu kwa kuwa hatua ya kwanza iliyo mbaya tayari imehesabiwa.

Limesalia jambo moja ambalo huwakatisha tamaa hata waliofanya yote haya. Mtu anapanda katika mafumbo, kisha anakwenda mashindanoni na kupoteza michezo minne kati ya sita. Chanzo ni kwamba fumbo hukunong'oneza siri: kwa kuwekwa mbele yako tu, linakuambia kwamba kuna kitu hapo. Katika mchezo wa kweli hakuna anayekunong'oneza. Hatua 30 zinaweza kupita bila nafasi yoyote, ya 31 ikawa nayo, na saa inakimbia. Wakufunzi wengi kwa hiyo huwataka wanafunzi wachanganye: baada ya kila mchezo, hata ule walioshinda, waupitie bila msaada wa kompyuta wakitafuta ni wapi palikuwa na fumbo ambalo hakuna aliyeliona. Hayo wanayoyapata huandikwa katika daftari lile lile, pamoja na tarehe, na kuwekewa zamu ya kurudiwa kama mengine.